Grisi nyeusi na joto la breki: kwa nini vilainishi yabisi huishiwa nguvu

Malori yanayofika Malaba na Busia kutoka Mombasa huwa yameshashuka mlima mrefu kuliko msafiri wa kawaida anavyodhani. Karibu na Timboroa, kwenye nyanda za juu za Bonde la Ufa, barabara na reli hupita takriban mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Mpakani Malaba ni kama mita 1,200 tu. Katikati kuna Eldoret, Webuye na Bungoma, na kuna tofauti ya kimo ya karibu mita 1,500 ambayo kila tani ya shehena sharti iteremshwe bila lori kumponyoka dereva.

Hesabu yake si ngumu. Lori la tani 50 linaposhuka mita 1,000 huachilia nishati inayotosha kupasha zaidi ya lita 1,500 za maji, kutoka ubaridi wa mtungini hadi kuchemka. Sehemu ya nishati hiyo humezwa na upepo, nyingine na injini pale dereva anapotumia gia ndogo. Inayobaki hugeuka joto ndani ya breki. Kwenye mteremko mrefu dramu ya breki yaweza kupita nyuzi 300 za Selsiasi, na breki iliyokwama bila kuachia hupita hapo kwa mbali. Joto hilo halikai lilipozaliwa. Hutambaa kwenye chuma hadi kwenye haba. Ndani ya haba kuna beringi, na ndani ya beringi kuna grisi.

Katika gereji za kando ya barabara, kuanzia Busia hadi Malaba na Tororo, na katika karakana ndogo za magombolola ya mpakani kama Mella, ndipo linapozuka swali ambalo makala haya yanakusudia kulijibu: je, grisi nyeusi huvumilia joto kuliko grisi ya kawaida? Wapo mafundi wanaoamini hivyo kwa moyo wote, na wapo madereva wanaolipa zaidi kwa sababu hiyo. Jibu ni kwamba unga mweusi ulio ndani ya grisi hiyo huvumilia joto kwa kiasi fulani, lakini grisi yenyewe haivumilii zaidi kwa sababu ya unga huo. Tofauti hiyo ndogo ya maneno ni tofauti kubwa barabarani. Sehemu kubwa ya petroli na dizeli ya Uganda huingia kwa njia hii, na beringi inayokwama yaweza kung'oa gurudumu au kuwasha tairi, hata tairi hilo likiwa chini ya tangi lililojaa.

Rundo la chapati

Unga huo ni kile ambacho wahandisi hukiita kilainishi yabisi, yaani kitu kikavu kinachopunguza msuguano bila kuwa mafuta. Kwa Kiswahili tumezoea kulainisha kwa kitu kinachomiminika au kupakwa, kwa hiyo jina lenyewe huonekana kama kujipinga: kikavu kinachoteleza. Lakini kila aliyewahi kuandika kwa penseli amekwisha kukitumia. Ncha ya penseli ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, na huandika kwa sababu grafiti huachia vipande vyembamba karatasini bila ubishi.

Grafiti ni kaboni tupu, lakini atomu zake zimejipanga katika matabaka. Ndani ya tabaka moja atomu zimeshikana kwa nguvu kubwa. Baina ya tabaka na tabaka mshikamano ni hafifu. Mfano ulio karibu ni rundo la chapati zilizopakwa mafuta: ukiisukuma ya juu kwa kidole huteleza juu ya ile ya chini, ingawa kila moja peke yake ni imara. Chuma kikikutana na chuma, na baina yao pamekaa matabaka ya namna hii, kinachoteleza ni matabaka, na chuma hakigusani na chuma mwenzake.

Kilainishi cha pili chenye umbo kama hilo ni disalfaidi ya molibdeni, madini ya rangi ya kijivu iliyokolea yanayofanana na grafiti kiasi cha kuwachanganya watu kwa karne nyingi. Kila tabaka lake ni molibdeni iliyofunikwa kwa salfa pande zote mbili, kama mkate uliopakwa siagi juu na chini. Hiki ndicho kinachopatikana zaidi kwenye grisi nyeusi ya makopo, kwa kawaida kama asilimia 3 ya uzito wake.

Vikionekana kama ndugu, tabia zao hazilingani, na hapa ndipo joto linapoanza kuwa na usemi. Grafiti huteleza vizuri pale tu panapokuwa na unyevu hewani. Kingo za matabaka yake zina njaa ya kushikana na chochote kilicho karibu. Mvuke wa maji ukitanda juu yake hushibisha njaa hiyo, nayo matabaka hupitana kwa amani. Ukiuondoa mvuke, kingo hushikana zenyewe kwa zenyewe au na chuma, na msuguano hupanda. Jambo hili lilijulikana kwa gharama wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, pale burashi za kaboni katika jenereta za ndege zilipopanda kwenye hewa kavu ya juu sana zikamomonyoka haraka ajabu, ilhali zile zile hudumu muda mrefu ardhini.

Disalfaidi ya molibdeni haina hitaji hilo. Salfa iliyo usoni mwake haihitaji maji ili iteleze. Kinyume chake, unyevu humdhuru. Ndiyo maana hutumika kwenye vyombo vya anga za juu, ambako hakuna hewa wala mvuke.

Joto linapopanda

Sasa tuvipashe moto vyote viwili hewani. Joto dogo, la kupita kidogo mahali maji yanapochemka, huinufaisha disalfaidi ya molibdeni kwa sababu hufukuza unyevu. Hapo msuguano wake waweza hata kushuka. Grafiti, kwa joto lile lile, huanza kupoteza mvuke unaoifanya iteleze, na mahali palipo pakavu yaweza kuanza kukwaruza kabla haijafika hata karibu na kiwango cha kuungua. Fundi aliyeambiwa kwamba "grafiti huvumilia nyuzi 500" hakudanganywa, ila hakuelezwa kwamba kuvumilia na kuteleza ni mambo mawili.

Joto likiendelea kupanda, adui hubadilika. Sasa ni oksijeni. Kuanzia takriban nyuzi 350 za Selsiasi disalfaidi ya molibdeni huanza kuungana na oksijeni kwa kasi inayoonekana. Salfa yake hutoka kama gesi yenye harufu kali, ile ya kiberiti kinapowashwa, na kinachobaki ni oksidi ya molibdeni. Oksidi hiyo haina matabaka yanayopitana kwa ulaini ule. Grafiti hukaa zaidi: huanza kuungua baina ya nyuzi 450 na 500, na kwa kuwa ni kaboni, huondoka kama hewa ya ukaa, yaani haiachi hata majivu ya maana. Disalfaidi ya tungsteni, ndugu wa tatu aliye ghali zaidi, hustahimili joto zaidi kidogo kuliko ile ya molibdeni.

Nambari hizi si mipaka iliyochorwa kwa rula. Unga uliosagwa sana huungua katika joto dogo kuliko vipande vikubwa, kama vile vumbi la mbao linavyoshika moto mbele ya gogo. Kilainishi kilichofichwa baina ya vyuma viwili vilivyobanana, mahali hewa haipenyi, hudumu kuliko kile kilicho wazi. Katika ombwe, mahali pasipo oksijeni kabisa, disalfaidi ya molibdeni hustahimili joto la kuzidi nyuzi 1,000. Kwa hiyo mtu akikuuliza kilainishi fulani huvumilia nyuzi ngapi, swali la kumrudishia ni: hewani au pasipo hewa?

Kilichomo kwenye haba

Turudi kwenye gurudumu. Ndani ya kopo la grisi nyeusi unga wa molibdeni ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni mafuta, na kinachoyashika mafuta yasimwagike ni sabuni maalumu, mara nyingi ya lithiamu. Sabuni hii ni kama sifongo. Ikipata joto hulegea, na kwa grisi ya lithiamu ya kawaida huyeyuka kabisa karibu na nyuzi 180 hadi 200. Lakini matatizo huanza mapema. Grisi hiyo haifai kufanya kazi siku nzima katika joto la kuzidi nyuzi 120 au 130, kwa kuwa mafuta yake hutengana, huvuja na kugeuka utomvu. Wahandisi wa beringi wana kanuni yao ya kukadiria: joto la beringi likishapita nyuzi 70, kila nyuzi 15 zinazoongezeka hupunguza maisha ya grisi kwa takriban nusu.

Linganisha basi. Unga mweusi huanza kuharibika karibu na nyuzi 350. Grisi inayoubeba huanza kuharibika chini ya nusu ya hapo. Muda mrefu kabla ya molibdeni kuhisi joto, mafuta yameshakimbia. Kinachobaki ndani ya beringi ni ukoko mweusi mkavu wenye unga kidogo. Ukoko huo wafaa kuokoa gari kwa kilomita chache, na hiyo ndiyo sababu ya haki ya kuweka unga huo kwenye grisi: ni akiba ya dharura pale filamu ya mafuta inapokatika. Si leseni ya kuendelea na safari hadi Kampala.

Kuna jambo jingine ambalo husahauliwa. Watengenezaji wengi wa beringi huipendekeza grisi ya molibdeni kwa sehemu zinazobeba uzito mkubwa huku zikienda polepole au zikicheza mbele na nyuma, kama vile king'ingo cha usukani cha ekseli ya mbele, au sahani ambayo tela hukalia na kugeukia. Hapo filamu ya mafuta hukamuliwa ikaisha, na unga hushika zamu. Beringi ya gurudumu haifanyi kazi namna hiyo: huzunguka kwa kasi, na vigurudumu vyake vidogo huhitaji kubiringika, si kuteleza. Kwa hiyo fundi anayepaka grisi nyeusi kwenye sahani ya tela na grisi safi ya joto kali kwenye haba hajafanya ubahili. Amefanya inavyopasa.

Anayetafuta uvumilivu wa joto kwenye haba na asome maandishi ya kopo, aache rangi. Grisi ya lithiamu iliyoongezewa kiungo cha pili, ile inayoandikwa kuwa ya lithiamu changamano, huyeyuka karibu na nyuzi 260 na hufanya kazi kwa usalama zaidi kwenye magari yenye breki za joto. Ipo pia grisi ya udongo wa bentonaiti, ambayo huuzwa kwa sifa ya kutoyeyuka. Ni kweli haiyeyuki, kwa kuwa udongo hauyeyuki. Lakini mafuta yaliyomo huungua kama mafuta mengine, na kinachobaki ni udongo mkavu. Aidha, haipatani na ile ya lithiamu: zikichanganywa, mara nyingi zote mbili hulegea na kumwagika. Haba inayobadilishiwa aina ya grisi husafishwa kabisa kwanza, hata kama kazi hiyo huchukua nusu saa ambayo dereva mwenye foleni mbele yake hataki kuitoa.

Rangi nyeusi, kwa hakika, haithibitishi lolote. Grisi iliyoungua ni nyeusi. Masizi ya injini ni meusi, na masizi si grafiti, ingawa vyote ni kaboni: atomu zake hazikupangwa katika matabaka marefu yanayopitana.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba kilainishi yabisi hakijirudishi. Mafuta yakisukumwa pembeni hutiririka yakarejea. Unga uliokwanguliwa umekwenda. Mfano mashuhuri wa jambo hili unahusu lori, ingawa si la Malaba. Chombo cha anga cha Galileo cha shirika la NASA la Marekani kilirushwa Oktoba 1989 kuelekea sayari ya Mshtarii. Aprili 1991 kiliamriwa kuikunjua antena yake kubwa, iliyofungwa kama mwavuli, nayo ikakwama. Wachunguzi walihitimisha kwamba sababu iliyo karibu zaidi na ukweli ni kuwa kilainishi kikavu kwenye pini za mbavu zake kilikuwa kimesuguliwa na kuisha kwa mitikisiko ya barabarani, maana chombo kilisafirishwa kwa lori zaidi ya mara moja baina ya California na Florida. Huko juu, chuma kitupu kilishikana na chuma kitupu. Galileo ilimaliza kazi yake kwa kutumia antena ndogo iliyotuma taarifa taratibu mno.

Tanuri la saruji

Tororo imejulikana kwa saruji tangu miaka ya 1950, na saruji ni mwalimu mzuri wa somo hili, maana katika tanuri la klinka mafuta hayana nafasi hata ya kujaribu. Si kila kiwanda kina tanuri. Vingine huletewa klinka iliyokwisha kuokwa na kazi yao ni kuisaga. Penye tanuri, kama Bamburi ya Mombasa iliyoanza uzalishaji mwaka 1954, mawe ya chokaa na udongo huokwa hadi karibu nyuzi 1,450 ndani ya bomba kubwa la chuma lililolazwa kwa mshazari na kuzungushwa polepole, mizunguko michache kwa dakika.

Ndani, bomba limejengewa matofali ya kuzuia moto. Hata hivyo ngozi ya nje ya chuma hufikia nyuzi 200 hadi 350. Bomba hili lenye uzito wa mamia ya tani limevishwa pete nene za chuma, na pete hizo hukaa juu ya magurudumu. Pete haikuchomelewa kwenye bomba. Huachwa ilegee kidogo kwa makusudi, kwa sababu bomba likipata moto hutanuka, na pete iliyobana ingeliminya hadi matofali yapasuke. Kwa kuwa imelegea, bomba na pete huteleza kidogo kila mzunguko, mchana na usiku, mwaka mzima, katika joto hilo.

Ukimwaga mafuta mahali hapo yataungua na kuacha makaa yanayokwaruza. Kinachotumika ni unga wa grafiti, ama wenye mchanganyiko wa vitu vingine, uliotiwa kwenye kimiminika cha kuubeba. Kimiminika hufuka na kwenda zake. Grafiti hubaki baina ya pete na bomba. Nyuzi 350 ziko chini ya kiwango cha grafiti kuungua, na mwanya ule ni mwembamba, hewa huingia kwa shida. Hali zote mbili zinaipendelea. Kwenye magurudumu ya chini, ambako joto ni dogo, huwekwa bonge la grafiti lililokaa juu ya gurudumu kwa uzito wake lenyewe na kujipaka taratibu, kama chaki ubaoni, hadi liishe na kubadilishwa.

Ni mpango usio na urembo wowote, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndio mfano bora kuliko maelezo yote ya makopo: kilainishi kilichochaguliwa kwa kupima joto la mahali pale hasa, kiasi cha hewa kinachofika, na mwendo wa vyuma vyenyewe.

Kupita nyuzi 500

Juu ya kiwango hicho grafiti na molibdeni huaga. Nitridi ya boroni, unga mweupe wenye matabaka kama ya grafiti, hustahimili hewani hadi karibu nyuzi 900, ingawa ni ghali na haishiki vizuri kwenye chuma. Kuna pia chumvi za floridi, za kalisi na bariamu, ambazo kituo cha NASA cha Cleveland, Ohio, kilizitafiti kwa miongo kadhaa kwa ajili ya injini za ndege. Floridi hizi zina kichekesho chake: zikiwa baridi ni ngumu na zinakwaruza, lakini kuanzia takriban nyuzi 500 hulainika zikateleza. Tatizo likawa ni namna ya kuilinda injini kabla haijapata moto. Dawa iliyopatikana ni kuchanganya floridi na fedha, madini laini yanayoteleza katika baridi, ili kila kimoja kishike zamu yake.

Grafiti yenyewe haitoki mbali. Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi, Tanzania, zina akiba kubwa, na Balama kaskazini mwa Msumbiji ina mojawapo ya migodi mikubwa zaidi duniani. Biashara yake leo inavutwa na betri za magari ya umeme. Vilainishi ni sehemu ndogo ya soko hilo.

Oveni, kikaango na kufuli

Si lazima uwe na lori ili somo hili likuhusu. Oveni ya mkate hufanya kazi baina ya nyuzi 200 na 250. Magurudumu ya toroli linaloingia humo, yakipakwa mafuta ya injini, hugeuka utomvu na kukwama baada ya majuma machache. Grafiti kavu hudumu, ila huchafua mikono na unga. Ndiyo sababu viwanda vya vyakula vyenye uwezo hupendelea nitridi ya boroni kwa weupe wake.

Ule utando mweusi wa kikaango kisichonata nao ni kilainishi yabisi, plastiki ijulikanayo kama tefloni. Kiwango chake salama huishia karibu na nyuzi 260. Kikaango kitupu kilichosahauliwa juu ya jiko la gesi hupita hapo kwa dakika chache, na moshi wake huua ndege wa kufugwa waliomo jikoni. Binadamu aliyeuvuta hupata homa ya siku moja au mbili inayofanana na mafua.

Na kwa kufuli la duka lililojaa vumbi la barabara ya Busia, tia unga wa grafiti, usitie mafuta. Mafuta huyakaribisha mavumbi. Joto la jua juu ya mlango wa mabati halifiki hata nyuzi 100, na katika hewa yenye unyevu wa Ziwa Victoria grafiti ina kila inachohitaji ili iteleze.